Viendeshi katika Kiini cha Kompyuta: Vijengwe Ndani au Vipakiwe Vinapohitajika?

Mwanafunzi anapochomeka flashi katika kompyuta ya shule, hupita sekunde mbili tatu tu kabla ya mafaili yaliyomo kuonekana kwenye skrini. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza kilichotendeka katika sekunde hizo. Kompyuta haikujua kwamba flashi ingechomekwa, wala aliyeiunda hakujua ni kiwanda kipi kingeitengeneza flashi hiyo. Hata hivyo maagizo ya kuwasiliana na kifaa hicho yalipatikana, yakaanza kutumika, na kazi ikaendelea bila kompyuta kuzimwa.

Maagizo hayo yalitoka wapi? Huenda yalikuwa tayari ndani ya kompyuta tangu ilipowashwa, yakisubiri kuitwa. Huenda pia yalikuwa faili tu katika diski, yakaletwa ndani wakati flashi ilipochomekwa. Njia zote mbili hutumika, na kila moja ina faida na gharama zake. Makala haya yanaeleza njia hizo kwa kutumia mfano wa mfumo endeshi wa Linux, ambao programu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Yanakusudia pia kuonyesha jambo moja linalosahauliwa mara nyingi: njia hizo hutofautiana katika wakati wa kiendeshi kuingia, wala hazitofautiani katika mamlaka kinayopewa baada ya kuingia.

KIINI NA WAKALIMANI WAKE

Programu zinazofanya kazi katika kompyuta hazina hadhi sawa. Prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo, imeundwa ifanye kazi katika hali zisizopungua mbili. Katika hali ya kawaida, programu hairuhusiwi kugusa kumbukumbu ya programu nyingine wala kuamuru kifaa chochote moja kwa moja. Ikijaribu, prosesa yenyewe huizuia. Katika hali ya mamlaka, vizuizi hivyo havipo.

Programu za kuandikia barua, kupiga hesabu au kuonyesha picha hufanya kazi katika hali ya kawaida. Sehemu ya mfumo endeshi inayofanya kazi katika hali ya mamlaka ndiyo huitwa kiini. Kiini hugawa muda wa prosesa baina ya programu, hugawa kumbukumbu, hutunza mpangilio wa mafaili, na hupeleka taarifa kati ya programu na vifaa.

Hata hivyo, vifaa havizungumzi lugha moja. Kadi ya mtandao ya kiwanda kimoja hupokea amri kwa mpangilio usiofanana na ule wa kiwanda kingine. Kwa hiyo kila kifaa, au kila jamii ya vifaa vinavyofanana, huhitaji mkalimani. Mkalimani huyo ni programu iitwayo kiendeshi. Kwa upande mmoja, kiendeshi huelewa maombi ya jumla ya kiini, kwa mfano ombi la kusoma sehemu fulani ya diski. Kwa upande mwingine, hujua namba halisi zinazopaswa kuandikwa katika kifaa hicho ili ombi hilo litimizwe.

Wingi wa wakalimani hao ndio asili ya suala linalojadiliwa hapa. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipoutangaza mfumo wake mwaka 1991, alieleza kwamba huenda usingetumika kamwe na diski za aina nyingine ila ile aliyokuwa nayo. Toleo la kwanza la kiini hicho lilikuwa na mistari ya programu ipatayo 10,000. Leo kiini cha Linux kina zaidi ya mistari milioni 30, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni ya viendeshi. Hakuna kompyuta hata moja yenye vifaa vyote hivyo. Kila mashine huhitaji sehemu ndogo tu ya hazina hiyo, lakini si rahisi kujua mapema ni sehemu ipi.

NJIA YA KWANZA: KUJENGWA NDANI

Njia ya kale zaidi ni kukiunganisha kiendeshi na kiini wakati kiini kinapotengenezwa. Maandishi ya mwandishi wa programu hutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kisha vipande vyote huunganishwa kuwa faili moja. Faili hilo linapopakiwa katika kumbukumbu wakati wa kuwasha kompyuta, viendeshi vyote vilivyomo huingia pamoja nalo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Msimamizi wa kompyuta aliyepata kifaa kipya alilazimika kuunganisha kiini upya, kuzima kompyuta na kuiwasha tena. Katika siku ambazo kompyuta moja ilihudumia watu wengi na vifaa vyake havikubadilika mara kwa mara, utaratibu huo haukuwa mzigo mkubwa.

Njia hii ina sifa tatu njema. Kwanza, kiendeshi kipo tangu mwanzo, hivyo hakuna haja ya kukitafuta. Pili, kiini na viendeshi vyake hutoka pamoja, kwa hiyo haiwezekani kimoja kiwe cha toleo la mwaka huu na kingine cha mwaka juzi. Tatu, kiini kilichokamilika namna hiyo kinaweza kufungwa kabisa, pasiwe na mlango wa kuingizia kitu kingine.

Ubaya wake nao ni dhahiri. Kiini kinachokusudiwa kutumika katika kila aina ya kompyuta kingelazimika kubeba viendeshi vyote ndani yake, na vingi vingekalia kumbukumbu bure. Isitoshe, kosa likirekebishwa katika kiendeshi kimoja, kiini kizima hutengenezwa upya na kompyuta huwashwa upya.

NJIA YA PILI: MODULI

Njia ya pili ni kukiacha kiendeshi kiwe faili la peke yake katika diski, kiingizwe katika kiini pale kinapohitajika. Faili la namna hiyo huitwa moduli. Wazo la kuongeza kiendeshi bila kutengeneza mfumo upya si geni. Mfumo wa MS-DOS, toleo la 2.0 la mwaka 1983, ulimruhusu mtumiaji kutaja viendeshi vya ziada katika faili la maandishi lililosomwa kila kompyuta ilipowashwa. Katika Linux moduli ziliingia katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na kufikia toleo la 2.0 la mwaka 1996 palikuwa na utaratibu wa kuzipakia bila mtu kutoa amri.

Anayetengeneza kiini cha Linux huulizwa swali moja kuhusu karibu kila kiendeshi, na majibu ni herufi tatu. Herufi y ina maana kwamba kiendeshi kijengwe ndani. Herufi m, kwamba kiwe moduli. Na herufi n, kwamba kiachwe. Maandishi ya kiendeshi ni yale yale, iwe imechaguliwa y au m. Kinachobadilika ni wakati wa kuunganishwa tu.

Ni vema kufuatilia hatua za upakiaji, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha asili ya moduli. Flashi inapochomekwa, hujitambulisha kwa namba. Miongoni mwa namba hizo ipo ya jamii ya kifaa, na vifaa vya kuhifadhia taarifa vimepewa namba 8. Kiini hutangaza namba hizo, na programu maalumu hutazama katika orodha iliyotayarishwa mapema ili kujua ni moduli ipi inayodai kuhudumia vifaa vya jamii hiyo. Iwapo moduli hiyo hutegemea moduli nyingine, hizo hupakiwa kwanza.

Faili la moduli likishafikishwa kwenye kiini, kiini hulikagua. Hutazama kama lilitengenezwa kwa ajili ya toleo hilo hilo la kiini. Kama sivyo, kwa kawaida hulikataa. Likikubaliwa, hutengewa nafasi katika kumbukumbu. Kisha hufuata kazi iliyo muhimu kuliko zote. Ndani ya moduli mna maagizo yanayoita huduma za kiini kwa majina, kwa mfano huduma ya kuomba kumbukumbu. Majina hayo hayana anwani bado, kwa sababu moduli ilipotengenezwa haikujulikana ingewekwa wapi. Kiini kina jedwali la majina kilichoyatoa yatumiwe na moduli, na anwani ya kila jina. Kila jina katika moduli hubadilishwa kuwa anwani halisi. Jina moja likikosekana, moduli nzima hurudishwa.

Hatimaye kiini huita agizo la kuanzia la moduli, nalo hujiandikisha kuwa mhudumu wa vifaa vya aina fulani. Tangu hapo, kiini kinapotaka kitu kutoka kwenye flashi, huruka moja kwa moja hadi kwenye anwani ya kiendeshi. Hakuna mpatanishi, wala hakuna ukuta. Kazi ya kuunganisha, ambayo katika njia ya kwanza ilifanywa kiwandani, imefanywa hapa mezani pa mtumiaji.

Moduli inaweza pia kuondolewa, lakini kwa uangalifu. Kiini huweka hesabu ya watumiaji wa kila moduli. Maadamu hesabu hiyo haijarudi kwenye sifuri, ombi la kuiondoa hukataliwa. Sababu yake ni rahisi kueleweka: iwapo kumbukumbu ya moduli ingetolewa wakati bado kuna anayeiita, prosesa ingeruka kwenye anwani isiyo na maagizo, na mfumo mzima ungeanguka.

UFUNGUO ULIOFUNGIWA GHALANI

Moduli huhifadhiwa katika diski. Je, kiendeshi cha diski yenyewe kinaweza kuwa moduli? Ili kukisoma kutoka kwenye diski, kiini kinahitaji kwanza kujua kusoma diski, na ujuzi huo umo katika kiendeshi ambacho bado hakijasomwa. Ni sawa na ufunguo wa ghala uliofungiwa ndani ya ghala.

Suluhisho la kwanza ni kukijenga ndani kiendeshi cha diski pamoja na kile cha mpangilio wa mafaili uliomo. Hili hufaa kompyuta ambayo diski yake inajulikana. Halifai mfumo unaosambazwa kwa maelfu ya watu wenye mashine za kila namna.

Suluhisho la pili ni kuandaa diski ndogo ya muda ndani ya kumbukumbu. Ubao mkuu wa kompyuta una programu ya kudumu, nayo ina ujuzi mdogo wa kusoma diski, unaotosha kuanzia tu. Kwa kutumia ujuzi huo, programu ya kuanzishia huleta vitu viwili katika kumbukumbu: kiini, na furushi la mafaili lenye moduli chache zinazohitajika mwanzoni. Kiini hulifungua furushi hilo palepale katika kumbukumbu na kulitumia kana kwamba ni diski. Kutoka humo hupata kiendeshi cha diski halisi, hukipakia, huifungua diski halisi, kisha huiacha ile ya muda.

Hapa pana jambo linalowahusu walimu wanaotunza vyumba vya kompyuta. Ili kupunguza ukubwa wa furushi, baadhi ya mifumo huweka humo moduli zinazohitajiwa na mashine husika tu. Diski ya mashine kama hiyo ikihamishiwa katika kompyuta nyingine yenye kidhibiti cha diski cha aina tofauti, kiini huanza vizuri, lakini husimama njiani kikitangaza kwamba hakioni diski yenye mfumo. Mtu anaweza kudhani kwamba diski imeharibika na kuitupa pamoja na kazi za wanafunzi zilizomo. Kumbe diski ni nzima na mafaili yote yamo. Kilichokosekana ni moduli moja katika furushi. Furushi likitayarishwa upya kwa kujumuisha viendeshi vya aina zote, mashine huwaka.

KASI NA NAFASI

Husemwa mara nyingi kwamba kiendeshi kilichojengwa ndani hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko moduli. Kauli hii ina ukweli kidogo. Ilivyoelezwa hapo juu, moduli ikishaunganishwa huitwa kwa anwani, sawasawa na sehemu nyingine za kiini. Tofauti iliyopo hutokana na jinsi kumbukumbu inavyopangwa.

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, na katika kompyuta nyingi ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Moduli haiwezi kupewa nusu ukurasa. Tuseme sehemu moja ya moduli ina baiti 9,000. Kurasa mbili zina baiti 8,192, hazitoshi. Hivyo hutolewa kurasa tatu zenye baiti 12,288, na baiti 3,288 hubaki bila kazi. Kiendeshi kile kile kikijengwa ndani hubanwa pamoja na vingine, na hasara ya namna hiyo hupungua. Kwa upande mwingine, moduli isiyohitajika haichukui hata baiti moja ya kumbukumbu, kwa hiyo katika kompyuta ya kawaida faida ya moduli huzidi hasara hiyo.

Jambo la pili ni jedwali dogo lililomo ndani ya prosesa, linalokumbuka mahali zilipo kurasa zilizotumiwa karibuni. Nafasi katika jedwali hilo ni chache. Katika kompyuta nyingi za sasa, kiini chenyewe huwekwa katika kurasa kubwa za megabaiti 2, hivyo nafasi moja ya jedwali hutosha kwa eneo kubwa. Moduli kwa kawaida huwekwa katika kurasa ndogo na hivyo hutumia nafasi nyingi zaidi. Tofauti hiyo inaweza kupimwa katika mashine zinazohudumia mamilioni ya maombi, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kuiona. Anayechagua baina ya njia hizi mbili kwa ajili ya kasi peke yake amechagua kwa sababu iliyo ndogo kuliko zote.

MAMLAKA NI YALE YALE

Sababu iliyo kubwa ni ya usalama. Kwa kuwa moduli huja katika faili la peke yake na huweza kuondolewa, ni rahisi kudhani kwamba imetengwa na kiini, na kwamba ikikosea itaanguka peke yake. Sivyo. Moduli iliyoingia hufanya kazi katika hali ya mamlaka na inaweza kuandika popote katika kumbukumbu. Mgeni aliyekabidhiwa funguo zote za nyumba ana uwezo sawa na mwenyeji, ingawa jana alikuwa nje.

Uzito wa jambo hili ulionekana dunia nzima tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani hutengeneza programu ya ulinzi wa kompyuta, na katika mfumo wa Windows sehemu ya programu hiyo ni kiendeshi kinachoingia katika kiini mapema wakati wa kuwasha. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni hiyo ilituma faili jipya la taarifa kwa wateja wake. Programu iliyosoma taarifa hizo ilitazamia vipengele 21, ilhali ilikuwa imepewa 20. Ilipojaribu kusoma kipengele cha 21 ilivuka mpaka wa orodha na kugusa kumbukumbu isiyostahili.

Kosa kama hilo katika programu ya kawaida lingefunga programu hiyo tu. Lilipotokea ndani ya kiini, kompyuta nzima ilisimama. Ilipojiwasha tena, kiendeshi kiliingia tena, kikasoma faili lile lile, na kompyuta ikasimama tena. Faili hilo liliondolewa katika usambazaji baada ya dakika 78, lakini kwa mujibu wa makadirio ya kampuni ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Safari za ndege zilifutwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zilikwama. Kompyuta nyingi zililazimika kufuatwa moja moja na mafundi, zikawashwa katika hali ya tahadhari isiyopakia viendeshi vya ziada, na faili likafutwa kwa mkono.

Tukio hilo halikuwa ajabu kwa wanaochunguza mifumo endeshi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya uchunguzi wa makosa katika viini vya Linux na OpenBSD. Waligundua kwamba viendeshi vilikuwa na kiwango cha makosa kilichofikia mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Viendeshi ni vingi, vifaa vyake ni vya namna nyingi, na si kila kimoja hupata wasomaji wengi wa kukikagua.

Kuna wataalamu wanaosema kwamba dawa ni kuviondoa viendeshi katika kiini na kuviendesha kama programu za kawaida. Mwezi Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa katika Vrije Universiteit ya Amsterdam, alimkosoa Torvalds hadharani kwa kutofuata mwelekeo huo. Mfumo wa MINIX 3, aliouzindua mwaka 2005, huweka viendeshi nje ya kiini, na kiendeshi kinachoanguka kinaweza kuanzishwa upya huku mfumo ukiendelea. Gharama yake ni kwamba kila ombi hulazimika kuvuka mpaka kati ya hali ya kawaida na hali ya mamlaka, na kuvuka huko huchukua muda. Basi moduli si njia ya kati baina ya fikra hizo mbili. Kwa upande wa mamlaka, ni sehemu ya kiini kamili.

Kwa kuwa ukuta haupo ndani, ulinzi huwekwa mlangoni. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2012, kiini cha Linux kinaweza kudai kila moduli iwe na sahihi ya kihesabu inayothibitisha aliyeitengeneza, na kuikataa isiyo nayo. Moduli iliyotoka nje ya mradi wa Linux ikiingizwa, kiini hujiwekea alama, ili anayechunguza hitilafu ajue kwamba mgeni alipita. Aidha, msimamizi anaweza kutoa amri ya kuufunga mlango wa moduli baada ya zile zinazohitajika kuingia. Mlango huo haufunguki tena mpaka kompyuta iwashwe upya.

KIINI KILICHOMO MFUKONI

Suala hili haliishii katika kompyuta za mezani. Simu zinazotumia mfumo wa Android zina kiini cha Linux, na simu hizo ndizo simu janja nyingi zinazotumika Afrika Mashariki. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pia mfuko wa fedha. Kosa la usalama katika kiini cha simu si jambo la mafundi peke yao.

Kwa miaka mingi marekebisho ya kiini yalichelewa kufika katika simu, au hayakufika kabisa. Kiini kilitoka kwa waandishi wa Linux, kikapitia Google, kikaenda kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, na kila mmoja aliongeza viendeshi vyake na kubadilisha sehemu za kiini chenyewe. Kwa maelezo ya mradi wa Android, haikuwa ajabu kwa hadi nusu ya programu za kiini katika simu kuwa ni zile zisizokuwemo katika Linux rasmi. Kila aina ya simu ikawa na kiini chake, na rekebisho moja likahitaji kufanywa upya mara nyingi.

Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021, simu mpya zinazokuja na kiini cha toleo la 5.10 au la baadaye hutakiwa kutumia kiini kimoja cha pamoja. Viendeshi vya chipu na vya simu vimetolewa humo na kuwekwa katika moduli, na jedwali la majina ambalo moduli hizo hutegemea hutunzwa lisibadilike kwa kipindi cha toleo hilo. Hivyo kiini kinaweza kurekebishwa bila moduli kutengenezwa upya. Utaratibu huu haumlazimishi mtengenezaji kutuma marekebisho, lakini unaondoa sababu kubwa ya kuyachelewesha.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kutokana na maelezo haya, uchaguzi hufuata maswali matatu. Je, kifaa kinahitajika kabla diski haijafunguliwa? Kama ndivyo, kiendeshi chake kijengwe ndani au kiwekwe katika furushi la mwanzo. Je, vifaa vya mashine vinajulikana na havitabadilika, kama katika kidhibiti cha mtambo wa kiwandani? Hapo kiini kilichojengwa ndani na kufungwa kabisa ni chepesi zaidi kukilinda. Je, mashine ni za aina nyingi, kama zilivyo kompyuta za shule zilizopatikana kwa nyakati na njia mbalimbali? Hapo moduli hazina mpinzani, kwa kuwa mfumo mmoja huweza kuwekwa katika mashine zote, na kila mashine ikachukua viendeshi vyake.

Swali la nne huulizwa katika hali zote, nalo ni kama aliyekitengeneza kiendeshi anaaminika. Jibu lake halibadiliki kwa kubadilisha y kuwa m.

ZOEZI KWA DARASA

Katika kompyuta yenye Linux, andika amri ya lsmod. Itaonekana orodha yenye safu tatu: jina la moduli, ukubwa wake kwa baiti, na hesabu ya wanaoitumia pamoja na majina ya moduli zinazoitegemea. Nakili orodha hiyo. Kisha chomeka flashi, toa amri hiyo tena, na ulinganishe orodha mbili. Tafuta jina la usb_storage.

Ikiwa jina hilo limeongezeka katika orodha ya pili, kiendeshi cha flashi kililetwa kutoka kwenye diski katika zile sekunde mbili tatu. Ikiwa lilikuwemo tangu orodha ya kwanza, moduli ilikwisha kupakiwa kabla. Ikiwa halimo katika orodha yoyote na bado flashi inasomeka, fungua saraka ya /lib/modules, ingia katika ile yenye jina la toleo la kiini kinachotumika, na usome faili liitwalo modules.builtin, ambalo huorodhesha viendeshi vilivyojengwa ndani.

Wanafunzi wajibu maswali yafuatayo:

1. Flashi inapochomolewa, je, moduli yake huondoka katika orodha? Eleza kwa nini wabunifu wa mfumo waliona vema iwe hivyo.

2. Moduli ina sehemu tatu zenye baiti 5,000, baiti 700 na baiti 4,096, na kila sehemu huanza katika ukurasa wake. Itachukua kurasa ngapi, na baiti ngapi zitabaki bila kazi?

3. Kompyuta mbili zinafanana kwa kila hali, isipokuwa ya kwanza ina kiendeshi fulani kilichojengwa ndani na ya pili inacho kama moduli. Kiendeshi hicho kina kosa la kuandika katika kumbukumbu isiyo yake. Ni kompyuta ipi iliyo salama zaidi kiendeshi hicho kinapokuwa kinafanya kazi? Ni ipi iliyo salama zaidi ikiwa kifaa husika hakijachomekwa?